Chaneli ya ligi bila mbia: uchambuzi wa kisa cha Pac-12 Networks, 2011–2024

Kisa hiki kinahusu Pac-12, ligi ya michezo ya vyuo vikuu nchini Marekani iliyoanzisha televisheni yake, ikaimiliki kwa asilimia 100, na miaka 12 baadaye ikaizima huku vyuo 10 kati ya 12 vikiwa vimeshatangaza kuondoka. Kinafaa kusomwa na yeyote anayefikiria kuanzisha chaneli ya michezo, kwa sababu waliofanya maamuzi haya walikuwa watu wa kazi. Ukiusoma kila uamuzi kwa macho ya siku ulipofanywa, una mantiki yake. Hasara ilitokana na namna maamuzi hayo yalivyokutana.

Majina ya watu nimeyaondoa, vyeo vinatosha. Ligi na kampuni nimezitaja, maana bila hizo hesabu hazieleweki.

Usuli

Vyuo vikuu vya Marekani hucheza futiboli ya Kimarekani mbele ya umati ambao klabu nyingi za kulipwa duniani hazijawahi kuupata. Vyuo hujipanga katika ligi za kikanda, na ligi ndiyo inayouza haki za matangazo kwa niaba ya wote, kisha ikagawa mapato. Fedha hizo hazibaki kwenye futiboli. Ndizo zinazolipia waogeleaji, wanariadha, timu za mpira wa wavu na michezo mingine ambayo tiketi zake haziwezi hata kulipia basi la safari. Kwa hiyo mkataba mbaya wa televisheni hauishii kwa kocha wa futiboli. Unamfikia hadi msichana anayesoma kwa ufadhili wa kupiga makasia.

Mechi kubwa zilikuwa zikinunuliwa na televisheni za taifa: ESPN, ABC, CBS na Fox. Zilizobaki ziliuzwa kwa bei ya chini au hazikuonyeshwa kabisa. Agosti 2007 ligi ya Big Ten ikaanzisha chaneli yake, Big Ten Network, yenyewe ikiwa na asilimia 51 na Fox asilimia 49. Mwanzo ulikuwa mgumu. Comcast, kampuni kubwa ya kebo, ilitaka kuiweka chaneli hiyo kwenye kifurushi cha ziada cha michezo, ligi ikakataa. Septemba 1, siku ya kwanza ya mechi, Appalachian State, chuo kidogo kutoka North Carolina, kiliifunga Michigan 34–32 uwanjani kwake mjini Ann Arbor. Mechi hiyo ilikuwa kwenye chaneli mpya, na wateja wengi wa Comcast hawakuiona. Juni 2008 Comcast ikakubaliana na ligi. Baada ya hapo kila ligi kubwa ikaanza kuuliza: na sisi lini?

Kwenye pwani ya magharibi, Pac-10 ilikuwa nyuma kimapato. Mwaka 2009 iliajiri kamishna mpya kutoka tenisi ya wanawake, na mwaka 2011 ikaongeza vyuo vya Colorado na Utah ikawa Pac-12. Mei 2011 ilitia saini mkataba wa miaka 12 na ESPN na Fox wenye thamani ya takriban dola bilioni 3. Kwa wakati ule ulikuwa mkataba wa kusifiwa, na kwa mara ya kwanza vyuo vyote, vikiwemo viwili vya Los Angeles vilivyozoea kupata zaidi, vilikubali kugawana sawa. Sehemu ya mechi haikuuzwa. Hiyo iliachwa kwa ajili ya chaneli ya ligi yenyewe.

Fedha ya chaneli ya namna hii inatoka wapi

Hapa ndipo penye kiini cha kisa, na ndipo wengi huteleza.

Chaneli ya ligi haiishi kwa matangazo ya biashara. Inaishi kwa ada ya kila nyumba. Kampuni ya kebo au ya setilaiti huilipa chaneli kiasi fulani kwa mwezi kwa kila mteja mwenye kifurushi kilichomo chaneli hiyo, awe anaitazama au haitazami. Bibi anayefuata tamthilia tu anailipia chaneli ya futiboli sawasawa na mwanafunzi aliyejipaka rangi za chuo usoni.

Ada ina bei mbili: ndani ya majimbo ya ligi, na nje. Big Ten Network ilipoanza iliomba takriban dola 1 kwa nyumba kwa mwezi ndani ya majimbo yake manane, na senti chache kwingineko. Tofauti hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini Big Ten baadaye iliwapokea Rutgers na Maryland, vyuo ambavyo futiboli yao haikuwa ya kutisha. Vilileta nyumba za New Jersey, pembezoni mwa New York, na za eneo la Washington, D.C. kutoka kundi la senti hadi kundi la dola.

Fanya hesabu hii. Nyumba milioni 1 ndani ya eneo la ligi, kwa senti 80 kwa mwezi, ni dola milioni 9.6 kwa mwaka. Ukizipata nyumba hizo, gharama zako haziongezeki hata senti, kwa kuwa kamera na watangazaji umeshawalipa. Ukizikosa, gharama hazipungui. Kwa hiyo mapato hukua au kufa kwa mambo matatu: idadi ya nyumba, bei, na kifurushi ulichowekwa. Yote matatu huamuliwa mezani na kampuni chache za kusambaza televisheni. Ubora wa matangazo huja baada ya hapo.

Maamuzi, kwa mfuatano

*Kumiliki kila kitu.* Julai 2011 ligi ilitangaza kwamba chaneli zitakuwa zake peke yake, bila mbia. Sababu zilikuwa nzito. Kwanza, bei za chaneli za michezo zilikuwa zikipanda kwa kasi isiyo ya kawaida. Mwaka huohuo Lakers, klabu ya mpira wa kikapu ya Los Angeles, walikuwa wameshafunga mkataba wa miaka 20 na Time Warner Cable, na mapema 2013 Dodgers, klabu ya besiboli ya mji huohuo, wakapata wa miaka 25 wenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 8. Nani angetaka kugawa nusu ya mali inayopanda thamani namna hiyo? Pili, ligi ilikuwa jirani wa kampuni kubwa za teknolojia, na kamishna aliamini kwamba siku moja kampuni hizo zitanunua haki za michezo. Aliona kwamba atakayekuwa na haki zake zote mkononi siku hiyo ndiye atakayeuza ghali. Tatu, uhuru: mbia angetaka futiboli na mpira wa kikapu, na ligi ilitaka kuonyesha michezo yote.

*Chaneli saba.* Iliundwa chaneli moja ya taifa na sita za kikanda: Washington, Oregon, kanda ya San Francisco, Los Angeles, Arizona, na ya milima kwa Utah na Colorado. Lengo lilikuwa kumpa mtazamaji wa Seattle habari za Seattle. Ratiba ilikuwa ya matukio 850 kwa mwaka.

*Kuanza na kebo.* Makubaliano ya kwanza yalikuwa na kampuni nne za kebo: Comcast, Time Warner Cable, Cox na Bright House. Ulikuwa mwanzo mzuri, maana chaneli ilizaliwa ikiwa na nyumba tayari.

*Makao makuu San Francisco.* Studio na ofisi ziliwekwa katikati ya mojawapo ya miji yenye pango ghali kuliko yote Marekani. Miaka michache baadaye pango lilikuwa karibu dola milioni 7 kwa mwaka.

Matangazo yalianza Agosti 15, 2012. Mwezi uliofuata Dish, kampuni ya setilaiti, ikaingia. Kwa upande wa setilaiti ikabaki moja.

DirecTV

DirecTV ilikuwa kampuni kubwa kuliko zote za setilaiti nchini, yenye wateja wapatao milioni 20. Zaidi ya hapo, ndiyo iliyokuwa kampuni ya mashabiki. Kwa miaka mingi ilikuwa na kifurushi cha mechi za Jumapili za NFL, ligi ya futiboli ya kulipwa, kwa hiyo baa na wapenzi wa michezo walikuwa na dishi lake. Big Ten Network ilianza ikiwa nayo. Pac-12 haikuipata siku ya kwanza, wala ya mwisho.

Msimamo wa DirecTV ulikuwa kwamba haitawatoza wateja wote kwa chaneli inayohitajiwa na baadhi yao. Msimamo wa ligi ulikuwa kwamba bei ni ileile waliyokubali wengine. Ligi haikuwa na nafasi kubwa ya kulegeza. Mikataba ya biashara hii kwa kawaida huwa na kipengele kinachosema kwamba ukimpunguzia mmoja bei, na wengine wapunguziwe. Punguzo kwa DirecTV lingeweza kurudi na kukata mapato ambayo tayari yalikuwa yakiingia.

Katika mabishano kama haya, silaha ya chaneli ni moja tu: shabiki anayekasirika hadi anahamia kampuni nyingine. Silaha hiyo Pac-12 ilikuwa imeiuza Mei 2011. ESPN na Fox ndio waliochagua mechi kwanza. Zilizofika kwenye chaneli ya ligi, takriban 35 za futiboli kwa msimu, nyingi zilikuwa zile zilizobaki baada ya wenye pesa kuchagua. Mteja wa DirecTV mjini Phoenix alikosa mechi mbili tatu za timu yake na akazipata zote kubwa. Akanung'unika na kubaki palepale.

Mwaka 2015 kampuni ya simu ya AT&T iliinunua DirecTV. Kwa kuwa AT&T ilikuwa na huduma nyingine ya televisheni iliyobeba chaneli za ligi, matumaini yalifufuka. Mazungumzo yalifanyika, lakini masharti hayakukubalika kwa marais wa vyuo. Mwishoni mwa 2018 AT&T iliziondoa chaneli hizo hata kwenye huduma ile nyingine.

Wenzao wakati huohuo

Agosti 2014 ligi ya SEC ya kusini-mashariki ilizindua SEC Network. Mmiliki wa chaneli ni ESPN. SEC ilitoa haki zake na kupata mgawo wa mapato. ESPN wakati huo ndiyo iliyokuwa chaneli ghali kuliko zote kwenye kebo, na hakuna kampuni iliyothubutu kuikosa. Ilipokaa mezani kuzungumzia ada ya ESPN, iliiweka SEC Network kwenye mazungumzo hayohayo. Chaneli ikazinduliwa ikiwa na karibu wasambazaji wote wakubwa, DirecTV akiwemo. Mgawo wa SEC kwa kila chuo ukatoka takriban dola milioni 21 mwaka wa fedha uliotangulia hadi takriban milioni 31 mwaka wa kwanza wa chaneli. Ongezeko lote hilo si la chaneli, kwani mwaka huohuo zilianza pia fedha za mchujo mpya wa ubingwa wa futiboli. Hata hivyo sehemu ya chaneli ilikuwa kubwa.

Chaneli za Pac-12 hazikufikia nyumba milioni 20, wakati za Big Ten na SEC zilizidi milioni 50. Kila chuo cha Pac-12 kilipata kutoka kwenye chaneli yake kati ya dola milioni 2 na 3 kwa mwaka.

Kujaribu kutoka

Mwishoni mwa 2018 ligi ilitafuta mwekezaji wa kununua kipande cha kampuni mpya itakayoshika haki zake zote, na kutoa mamia ya mamilioni ya dola mkononi. Mwaka 2019 mpango uliachwa. Katika kipindi hicho iliripotiwa pia kwamba ESPN ilijitolea kusimamia usambazaji wa chaneli kwa sharti la kurefushiwa mkataba wa haki kuu. Ligi haikukubali, kwa kuwa mpango wake wote ulitegemea haki zote kumalizika kwa pamoja mwaka 2024, soko likiwa na wanunuzi wapya.

Kamishna aliondoka katikati ya 2021. Juni 30, 2022, vyuo viwili vya Los Angeles, USC na UCLA, vilitangaza kuhamia Big Ten. Kwa ghafla ligi ikapoteza soko lake kubwa kuliko yote. Januari 2023 ilijulikana kwamba Comcast ilikuwa imelipa ada kupita kiasi ilichostahili kulipa, jumla ya takriban dola milioni 50 katika miaka kadhaa, na kwamba fedha hizo lazima zirudishwe. Ligi ilisitisha ajira za wakuu wawili wa chaneli na fedha kwa madai kwamba taarifa hiyo haikufikishwa kwa marais wa vyuo mapema.

Ofa ya kampuni ya teknolojia iliyosubiriwa tangu 2011 ilikuja, ikaletwa mbele ya marais mwanzoni mwa Agosti 2023. Apple ilitaka kuonyesha mechi kwa kulipiwa moja kwa moja na watazamaji, ikiahidi kiwango cha chini na nyongeza kulingana na idadi ya watakaojiunga. Big 12, ligi nyingine kubwa, wakati huo ilikuwa na uhakika wa zaidi ya dola milioni 31 kwa chuo. Colorado ilikuwa imeshaondoka wiki iliyotangulia. Agosti 4 wakaondoka Oregon, Washington, Arizona, Arizona State na Utah. Septemba 1 Stanford na California wakapokelewa na ACC, ligi ya pwani ya Atlantiki, kwa hiyo wanariadha wao sasa huvuka bara zima kwenda kucheza mechi za kawaida.

Juni 30, 2024 chaneli zilizimwa.

Uchambuzi: kilichofaa

Matangazo yenyewe yalikuwa mazuri. Mpira wa wavu wa wanawake, jimnastiki, polo ya majini, softiboli: michezo ambayo awali ilikuwa ikifika kwenye televisheni ya taifa kwenye fainali tu, ilionekana wiki baada ya wiki, ikitangazwa na watu wanaoijua. Makocha waliingia nyumbani kwa wazazi wa wachezaji wakisema, "Mtamwona mtoto wenu." Faida hiyo haionekani kwenye mizania, na sikubaliani na wanaoidharau.

Kilichodumu pia ni utaalamu wa uzalishaji. Kitengo kile, kilichohamishiwa San Ramon kwenye pango nafuu, kiliendelea kufanya kazi baada ya chaneli kufa, chini ya vyuo viwili vilivyobaki, Oregon State na Washington State.

Uchambuzi: kilichoshindwa

Umiliki kamili wenyewe haukuwa kosa. Kosa lilikuwa kuuthamini kabla ya kuuliza nani atafungua mlango wa DirecTV. Hisa asilimia 49 ya chaneli yenye nyumba milioni 60 ingezilipa timu za kuogelea vizuri kuliko asilimia 100 ya chaneli yenye nyumba milioni 15. Fox na ESPN hawakuwa wanalipwa kwa mtaji tu. Walilipwa kwa sababu wana chaneli nyingine ambayo msambazaji hawezi kuishi bila hiyo. Fimbo hiyo Pac-12 haikuwa nayo, na haikuwa na njia ya kuipata baada ya siku ya kwanza. Dodgers nao, wakiwa na mkataba wa mabilioni na mbia wa kebo pekee, chaneli yao ilikaa nje ya DirecTV tangu 2014 hadi 2020. Somo lilikuwa palepale Los Angeles.

La pili ni kuuza mechi bora kisha kutegemea zilizobaki. Mkataba wa Mei 2011 na chaneli ya 2012 vilijadiliwa kama mambo mawili. Kwa msambazaji vilikuwa kitu kimoja: kadiri ESPN na Fox walivyopata nyingi, ndivyo chaneli ilivyokuwa rahisi kuikosa. Ligi ingeweza kudai fedha kidogo kutoka kwa ESPN ili chaneli ibaki na mechi moja kubwa ya kila chuo kila msimu. Kwa maoni yangu huo ndio uamuzi mmoja ambao ungebadilisha mazungumzo na DirecTV bila kuhitaji mbia.

Gharama zilikuwa za chaneli kubwa, mapato ya chaneli ndogo. Chaneli sita za kikanda zilihitaji watu, ratiba na mitambo, lakini msambazaji hakulipa zaidi kwa ajili yake. Pango la San Francisco na mshahara wa kamishna uliopita dola milioni 5 kwa mwaka vilizungumzwa sana na mashabiki. Viliumiza, hasa kisiasa, kwa kuwa marais wa vyuo vya umma walipaswa kuvitetea mbele ya watu wao. Ila hata vingefutwa kabisa, mgawo wa kila chuo ungepanda kwa takriban dola milioni 1. Pengo na Big Ten lilikuwa kubwa mara nyingi: mwaka wa fedha 2023 chuo cha Pac-12 kilipata takriban dola milioni 34, cha Big Ten takriban 60.

Kuhusu wakati, ligi ilikuwa sahihi kwamba kampuni za teknolojia zitanunua michezo. Haikuweka akiba ya kuishi hadi siku hiyo. Wakati chaneli inaanza, karibu nyumba milioni 100 za Marekani zilikuwa zikilipia televisheni. Kila mwaka baada ya hapo zilipungua, kwa hiyo hata nyumba zilizopatikana zilikuwa zikivuja. Aliyekuwa na mbia mkubwa alivuja pia, lakini alishavuna miaka kumi.

Je, mbia angeiokoa ligi? Sidhani kwamba angetosha peke yake. Kati ya misimu ya 2014 na 2023, futiboli ya Pac-12 ilifika kwenye mchujo wa timu nne mara tatu tu, na mechi zake za usiku zilianza saa ambazo New York ilikuwa inalala. Lakini mechi hizo za usiku zilizokuwa kwenye chaneli ya ligi hazikuonekana hata na walio macho, kama walikuwa na dishi la DirecTV. Ligi inayohitaji kuonekana kuliko nyingine zote ndiyo iliyokuwa imejifungia nyuma ya chaneli isiyofika kwenye nyumba nyingi.

Ligi mpya ya jina hilohilo, iliyojengwa upya kwa kuongeza vyuo kama Boise State na San Diego State, haikuanzisha chaneli. Iliuza mechi kwa CBS, The CW na USA Network, na kitengo cha San Ramon kikabaki na kazi ya uzalishaji.